Dick Tiger Apimwe kwa Ratili 160

Leo tumpime bondia mmoja wa Afrika katika uzito mmoja tu. Bondia huyo ni Dick Tiger wa Nigeria, na uzito wenyewe ni ule wa kati, ambao kikomo chake ni ratili 160, yaani kilo 72 na nusu hivi. Tiger aliushika ubingwa wa dunia wa uzito huo mara mbili, kwanza kuanzia Oktoba 1962 hadi Desemba 1963, na tena kuanzia Oktoba 1965 hadi Aprili 1966. Baadaye akapanda akawa bingwa wa ratili 175, na sifa hiyo ya kutwaa ubingwa wa uzito wa aina mbili tofauti ndiyo inayotajwa zaidi anapokumbukwa. Kwa sasa naiweka pembeni. Swali langu ni hili: yeye akiwa na ratili 160, na wapinzani wake wakiwa na ratili 160, alikuwa bondia wa daraja gani? Wanaopanga majina ya mabondia bora wa uzito wa kati humtaja Sugar Ray Robinson, Carlos Monzón, Marvin Hagler na Bernard Hopkins bila kusita. Wakifika kwa Tiger, sauti hupungua, kwa sababu rekodi yake inaonyesha alishindwa mara 19, na kwa sababu muda wote aliokaa na ubingwa huo haufiki miezi 20. Nasema kusita huko ni kosa. Tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia iishe, naona ni hao wanne tu waliomzidi katika uzito wa kati, na nafasi ya tano ni yake.

Kabla ya kuingia ulingoni, tukubaliane kuhusu kipimo. Wengi wetu tumezoea kumpima bondia kwa tarakimu tatu: kashinda mara ngapi, kapigwa mara ngapi, katoka sare mara ngapi. Tarakimu hizo hazisemi uongo, ila husema kidogo sana. Mkumbukeni John Mugabi wa Uganda, aliyepewa jina la Mnyama. Alipomkabili Hagler mwezi Machi 1986 kuwania ubingwa wa uzito wa kati, alikuwa hajapoteza hata pambano moja, na wote aliowashinda aliwashinda kwa nokauti. Rekodi haiwezi kuwa safi zaidi ya hiyo. Usiku ule alipigana kishujaa, akamtoa Hagler jasho la kweli, lakini katika raundi ya 11 akalala chini. Usafi wa rekodi yake haukuweza kutuambia angefika wapi mbele ya mtu kama Hagler, kwa sababu wengi aliowapiga hawakuwa wa daraja hilo. Kwa hiyo mimi nauliza maswali mengine matatu. Bondia huyu aliwapiga akina nani? Wakati anawapiga, walikuwa katika hali gani? Na aliposhindwa, alishindwa na nani, na kwa namna gani? Tukimhoji Tiger kwa maswali hayo, picha inabadilika kabisa.

Tuanze na vile vipigo 19, maana ndivyo vinavyomchafulia jina. Tiger alizaliwa kwa jina la Richard Ihetu tarehe 14 Agosti 1929 huko Amaigbo, katika nchi ya Waigbo mashariki mwa Nigeria, na ngumi alijifunzia Aba, mji wa biashara. Mwishoni mwa 1955, akiwa na umri wa miaka 26, alivuka bahari kwenda Liverpool, mji ambao Mnigeria mwenzake, Hogan Bassey, alikuwa ametangulia kuufanya ngome yake. Mapambano yake manne ya kwanza katika Uingereza alishindwa yote. Bondia wa leo mwenye promota makini hangeachwa apitie hayo. Angetafutiwa wapinzani dhaifu wa kumjengea jina. Tiger alikuwa mgeni katika nchi ya baridi, akipigana na wenyeji mbele ya mashabiki wao, tena kwa pesa ndogo, na huku anafundishwa na ngumi zenyewe mambo ambayo wenzake walifundishwa utotoni katika klabu. Ukihesabu vizuri, vipigo 13 kati ya vile 19 alivipata kabla ya mwaka 1960. Tangu mwaka huo hadi pambano lake la mwisho mwaka 1970, yaani katika muda wote aliokuwa miongoni mwa walio juu duniani, alishindwa mara sita tu. Rekodi inayoonekana chafu, kwa hakika, ni rekodi mbili zilizoshonwa pamoja: ya mwanafunzi na ya bingwa.

Na mwanafunzi huyo alikuwa anafaulu. Mei 1957 alimsimamisha Terry Downes, kijana wa London aliyekuwa bado mchanga katika ndondi za kulipwa, lakini ambaye miaka minne baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia wa uzito huohuo wa kati. Machi 1958, palepale Liverpool, alimwangusha Pat McAteer katika raundi ya tisa akachukua ubingwa wa Dola ya Uingereza. Mwaka 1959 akahamia Marekani, na hapo ndipo ushahidi wetu mzito unapoanzia. Uzito wa kati wa Marekani miaka ile ulikuwa umejaa watu. Mapambano yalikuwa yakionyeshwa kwenye televisheni kila wiki, na mtu hakupata nafasi ya kuwania ubingwa mpaka awe amepita katikati ya kundi la mabondia wenye njaa, ambao wengi wao leo wangekuwa na mkanda wa shirika moja au jingine. Ellsworth Webb, aliyejulikana kwa jina la Spider, alikuwa amemshinda Tiger mjini London mwaka 1958. Walipokutana tena New York mwaka 1961, Tiger alimsimamisha katika raundi ya sita. Wilf Greaves wa Canada alimnyang'anya ubingwa wa Dola katikati ya 1960. Kabla mwaka haujaisha Tiger alikuwa amemsimamisha na kuurudisha. Joey Giardello alikutana naye mara mbili ndani ya wiki chache mwaka 1959, na kila mmoja akashinda pambano moja. Angalieni mtindo unaojirudia hapa: Tiger akishakaa na mpinzani ulingoni mara moja, mara ya pili mpinzani huyo huwa na kazi ngumu zaidi. Hiyo ni alama ya bondia anayefikiri, ingawa wengi walimwona kama mtu wa nguvu tu.

Januari 1962 alikutana na Florentino Fernández wa Cuba, mtu aliyekuwa na ngumi ya kushoto ya kuzungusha ambayo iliogopwa na kila mtu, na ambaye miezi michache kabla alikuwa amemsumbua bingwa Gene Fullmer kwa raundi 15. Mbele ya Tiger, Fernández hakumaliza pambano. Machi akamshinda Henry Hank kwa pointi. Baada ya hapo Fullmer hakuwa tena na mahali pa kujificha, ingawa lazima niseme kwa haki kwamba Fullmer hakuwa mtu wa kujificha. Mwamerika huyu kutoka jimbo la Utah alikuwa ameushika ubingwa uliotambuliwa na chama cha NBA, ambacho ndicho kilichokuja kuitwa WBA, tangu Agosti 1959. Alikuwa ameutetea mara saba bila kuupoteza, na waliojaribu kumpokonya ni pamoja na Robinson, Carmen Basilio na Giardello. Alikuwa na mwili mgumu, mapigano yake yalikuwa ya kusukumana na kubanana, na waliopigana naye walitoka na alama. Tarehe 23 Oktoba 1962, katika uwanja wa Candlestick Park mjini San Francisco, Tiger alimfanyia Fullmer kile ambacho Fullmer alizoea kuwafanyia wengine. Alimrudisha nyuma. Alimpiga mbavuni, alimchana usoni, na majaji wote watatu wakampa ushindi baada ya raundi 15.

Hapa nasikia pingamizi la kwanza, nalo ni la haki: je, Fullmer hakuwa amechoka? Ni kweli alikuwa amepigana mapambano mengi ya kuumiza, na hakudumu sana baadaye. Lakini tazameni umri: Fullmer alikuwa na miaka 31, Tiger alikuwa na 33. Kama uzee ni hoja, basi inamhusu Tiger kwanza. Tazameni pia kwamba pambano la mwisho la Fullmer kabla ya lile la San Francisco lilikuwa Desemba 1961, na alimaliza kwa nokauti dhidi ya Benny Paret, aliyekuwa bingwa wa uzito wa welta. Tena Februari 1963 walirudiana Las Vegas, na Fullmer akafanya vizuri kiasi cha kupata sare ya raundi 15. Mtu aliyekwisha kabisa hapati sare na Dick Tiger. Sare hiyo inaniambia kwamba Fullmer bado alikuwa na ujuzi wa kubadili mbinu, na kwamba aliyeshindwa San Francisco alikuwa bingwa wa kweli. Anayetaka kuupunguza ushindi wa kwanza kwa kusema Fullmer alikuwa mzee lazima pia aeleze sare ya pili imetoka wapi.

Suala hilo lilimalizwa Ibadan tarehe 10 Agosti 1963. Nigeria ilikuwa na miaka mitatu tu tangu ipate uhuru, na pambano la ubingwa wa dunia lilipigwa nyumbani kwao kwa mara ya kwanza, katika uwanja uliopewa jina la Uhuru. Kwa Waafrika wa wakati ule lilikuwa jambo kubwa kuliko michezo, lakini leo tunampima bondia, kwa hiyo tuangalie ngumi. Raundi saba zilitosha. Fullmer alipigwa akakatika usoni, na kona yake haikumruhusu kutoka kwa raundi ya nane. Mtu aliyewahi kuhesabiwa hadi kumi mara moja tu, kwa ngumi ya Robinson mwaka 1957, alisimamishwa na Tiger kwa kupondwapondwa, na hakupigana tena. Kwa kuwa Paul Pender, aliyetambuliwa na New York kuwa bingwa, alikuwa ameshastaafu miezi michache kabla, Tiger akabaki bingwa pekee wa uzito wa kati duniani. Mapambano matatu, raundi 37 dhidi ya bingwa mgumu kuliko wote wa kizazi chake: ushindi mara mbili, sare moja, na hakuna kushindwa. Katika uzito wa kati wa miaka ile hakuna kazi nyingine niliyoiona inayozidi hiyo.

Sasa tuingie kwenye udhaifu wake, maana kumsifu mtu bila kutaja kasoro zake ni kumdharau. Desemba 1963, huko Atlantic City, Giardello alimshinda kwa pointi akachukua ubingwa. Oktoba 1964, New York, Joey Archer alimshinda kwa pointi katika pambano la raundi kumi, majaji wakiwa wamegawanyika. Mabondia hawa wawili walikuwa na kitu kimoja kinachofanana: walikataa kusimama. Tiger alikuwa mfupi, sentimita 173 hivi, na mikono yake haikuwa mirefu. Nguvu yake ilitoka miguuni. Ili apige ngumi yake ya kushoto ya kuzungusha ilimpasa aikanyage ardhi kwanza. Mpinzani aliyemdokoa kwa mkono wa mbele kisha akahama kabla Tiger hajapanga miguu, alikuwa na nafasi ya kukusanya pointi. Archer hakuwa na ngumi nzito, na hakuhitaji kuwa nayo. Hii ni kasoro ya kweli, na ndiyo sababu simweki Tiger juu ya Monzón, mtu mrefu aliyejua kutunza umbali, wala juu ya Robinson. Ninaamini wote wawili wangemshinda kwa njia hiyohiyo.

Hata hivyo, kasoro ina ukubwa wake, na ukubwa wa hii tuuseme ulivyo. Tangu Tiger ahamie Marekani, hakuna bondia wa uzito wa kati aliyemsimamisha. Greaves, Giardello, Archer na Emile Griffith wote walimshinda kwa pointi, na baadhi ya hukumu hizo zilibishaniwa. Mpinzani wa kumpiga Tiger ilibidi awe na miguu ya haraka, mapafu ya kustahimili raundi zote, na uvumilivu wa kukaa mbali na mtu anayekufuata dakika baada ya dakika. Waliochagua kusimama naye walijuta. Na Giardello mwenyewe, aliyekuwa na akili nyingi ulingoni, hakuweza kuirudia kazi hiyo. Oktoba 1965, katika ukumbi wa Madison Square Garden, Tiger mwenye miaka 36 alimshinda kwa kauli moja ya majaji. Walipigana mara nne kwa jumla, kila pambano likaisha kwa pointi, wakagawana mawili kwa mawili. Ukisema Tiger alishindwa na waliotembea, sema pia kwamba alijifunza kumkata njia mtembeaji bora wa wakati wake.

Ushahidi ninaouthamini kuliko mwingine ni wa Mei 1965, pambano ambalo hata halikuwa la ubingwa. Mpinzani alikuwa Rubin Carter. Wengi wanamjua Carter kwa kesi yake na miaka mingi aliyokaa gerezani, lakini kabla ya hapo alikuwa mmoja wa wapigaji wa kutisha zaidi wa ratili 160. Alimmaliza Florentino Fernández katika raundi ya kwanza. Desemba 1963 alimsimamisha Emile Griffith, aliyekuwa bingwa wa uzito wa welta, pia katika raundi ya kwanza. Alikuwa amewania ubingwa wa Giardello miezi mitano tu kabla. Tiger alimwangusha Carter mara tatu akashinda kwa pointi kwa tofauti kubwa. Hapo hapakuwa na mzee wala mgonjwa. Carter alikuwa na miaka 28, mdogo kwa Tiger kwa karibu miaka minane. Bondia anayemwangusha mara tatu mtu ambaye kazi yake ni kuangusha watu, ana nguvu ya daraja la juu kabisa katika uzito huo. Halikuwa jambo la kushangaza kwamba jarida la The Ring lilimchagua bondia bora wa mwaka 1962 na tena 1965, miaka yote miwili akiwa katika uzito wa kati.

Tukija kwa Griffith, tarehe 25 Aprili 1966, hapo wakosoaji wa Tiger wana hoja yenye uzito. Griffith alitoka chini, kwenye uzito wa welta, akamwangusha Tiger katika raundi ya tisa na kumshinda kwa kauli moja ya majaji. Waandishi wengi waliokuwa kando ya ulingo waliona Tiger ndiye aliyestahili, na hukumu hiyo inabishaniwa hadi leo. Sitaki kushinda hoja kwa kuwafuta majaji. Waliandika Griffith, na Griffith alikuwa bingwa mkubwa. Lakini tukilinganisha kazi nzima ya wawili hao katika uzito wa kati, Griffith alishindwa na Nino Benvenuti mara mbili kati ya tatu, akasimamishwa na Carter katika raundi moja, na ushindi wake katika mapambano ya ubingwa wa uzito huo ulikuwa wote wa pointi. Pambano hilo la karibu, dhidi ya mtu wa miaka 36, halitoshi kumweka mbele. Kumshinda mtu usiku mmoja ni jambo moja, na kuwa mkubwa kuliko yeye katika uzito mzima ni jambo jingine.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la muda. Monzón aliutetea ubingwa mara 14, Hagler mara 12, Hopkins mara 20. Tiger katika vipindi vyake viwili aliutetea kwa mafanikio mara mbili tu, na moja ya hizo ilikuwa sare. Je, si dharau kwa wengine kumweka karibu na watu hao? Nami ndiyo maana nimewaweka mbele yake. Kutawala kwa miaka saba kama Monzón ni kazi inayodai kitu ambacho Tiger hakukionyesha, nacho ni kuwa tayari kila mara, kwa kila aina ya mpinzani. Lakini tukitoka kwa wale wanne, hesabu ya kutetea ubingwa inaanza kudanganya. Tiger alipigana mapambano sita ya ubingwa wa dunia katika uzito wa kati: matatu na Fullmer, mawili na Giardello, moja na Griffith. Wote watatu walikuwa mabingwa wa dunia, na wote watatu wameingizwa katika Jumba la Kimataifa la Heshima la ndondi, kama alivyoingizwa Tiger mwenyewe mwaka 1991. Hakuna hata pambano moja la ubingwa alilopewa la kujipumzisha. Bingwa anayetetea mkanda mara kumi, saba kati ya hizo dhidi ya watu ambao majina yao hayakumbukwi, amefanya kazi ndefu; sina hakika kwamba amefanya kazi kubwa zaidi. Na kumbukeni pia kwamba baada ya Tiger kuupoteza ubingwa, Giardello alimsubirisha karibu miaka miwili kabla ya kumpa marudiano. Muda huo ulipotea mikononi mwa wapanga biashara, na ulikuwa muda wa Tiger akiwa na nguvu kamili, kama Carter alivyoshuhudia kwa mwili wake.

Liko jambo jingine ambalo orodha za leo hulisahau, nalo ni mizani. Siku hizi bondia hupima uzito siku moja kabla ya pambano, akapata usiku mzima wa kula na kunywa, na anapopanda ulingoni anaweza kuwa mzito kuliko kikomo kwa kilo kadhaa. Enzi za Tiger walipima siku ileile. Yeye hakuwa mtu mkubwa aliyejikausha ili aingie katika ratili 160. Huo ulikuwa uzito wake wa kawaida, na mara nyingi aliyesimama mbele yake alikuwa mrefu kuliko yeye. Nguvu zilizomrudisha nyuma Fullmer hazikutokana na ukubwa wa mwili. Na hapa ndipo ninapokubali kuiita ile habari ya ratili 175, kama shahidi tu. Desemba 1966, miezi minane baada ya Griffith, Tiger alimshinda José Torres akawa bingwa wa uzito huo wa juu, na Mei 1967 akamshinda tena. Mei 1969, akikaribia miaka 40, alimshinda kwa pointi Benvenuti, aliyekuwa bingwa wa uzito wa kati wakati huo, katika pambano lisilo la ubingwa. Siziongezi pointi hizo kwenye hesabu ya uzito wa kati, kama nisivyomtoza kile kipigo cha Bob Foster cha Mei 1968, mara pekee alipohesabiwa hadi kumi, mbele ya mtu mrefu mno kwake. Lakini shahidi anasema hivi: mwili ule uliodhaniwa umechakaa mwaka 1966 ulikuwa bado na miaka mitatu ya ushindi ndani yake.

Sasa niwataje wanaogombania nafasi ya tano, ili isionekane nimempa Tiger kiti kitupu. Jake LaMotta alikuwa bingwa kuanzia 1949 hadi 1951, na ushindi wake maarufu dhidi ya Robinson wa mwaka 1943 ni wa kweli. Ila katika mapambano sita na Robinson alishindwa matano, na Robinson wa miaka ile ya mwanzo alikuwa hasa mtu wa uzito wa welta. Fullmer alikuwa na kipindi kirefu kuliko Tiger, lakini swali la nani bora kati yao lilijibiwa ulingoni mara tatu. Giardello na Griffith nimeshawazungumzia. Katika karne hii yupo Gennady Golovkin, mpiga ngumi wa ajabu na mtetezi wa muda mrefu, ambaye nampa heshima zote. Lakini wengi aliowashinda hawakuwahi kuwa mabingwa, na alipokutana na Saúl Álvarez katika uzito wa kati alipata sare mwaka 2017 na kushindwa mwaka 2018. Hukumu hizo nazo zilibishaniwa, kama ya Griffith. Tukiwapa wote wawili faida ya shaka, bado Golovkin hana Fullmer mara mbili, hana Giardello, hana Carter aliyeangushwa mara tatu. Kwa wingi wa kutetea ubingwa Golovkin yuko mbele. Kwa ubora wa walioshindwa, Tiger yuko mbele, na mimi naamini ubora ndio unaopima bondia.

Kwa nini basi jina lake halisikiki inavyostahili? Sehemu ya jibu iko nje ya ulingo. Vita ya Biafra ilipoanza mwaka 1967, Tiger alisimama na watu wake Waigbo, akatumia sauti yake na mali yake kuitetea Biafra, nchi ambayo Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa ya kwanza Afrika kuitambua, Aprili 1968. Aliirudisha nishani aliyopewa na Uingereza, kwa kupinga msaada wa Uingereza kwa upande wa pili. Vita ilipokwisha mwaka 1970 Biafra haikuwepo tena. Tiger, aliyekuwa bingwa wa dunia mara tatu, alifanya kazi ya ulinzi katika jumba la makumbusho New York, kisha akarudi Aba akiwa mgonjwa wa saratani ya ini, akafa huko Desemba 1971, akiwa na miaka 42 tu. Wamarekani hutunza habari za mabingwa wao kwa vitabu na filamu. Huyu wetu alikufa akiwa amesimama upande ulioshindwa vitani, na nchi iliyopaswa kumtangaza ilikuwa na majeraha mengi ya kuuguza. Kusahauliwa kwake hakukutokana na ngumi zake.

Wasikilizaji, nimeichukua mada hii kwa sababu ina faida kwa ndondi zetu za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala leo. Kijana anayeanza huambiwa alinde rekodi yake, na wanaomsimamia humtafutia wapinzani wa kumnenepesha hesabu. Akifika kwenye pambano la kweli anakuwa hajawahi kuulizwa swali gumu. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na sidhani yupo bondia aliyeuthibitisha usemi huo kuliko Mwigbo huyu aliyeshindwa mara nne mfululizo ugenini, akabaki, akajifunza, na miaka saba baadaye akampiga Gene Fullmer. Alikuwa na kasoro mbele ya watembeaji, na ubingwa wake ulikuwa mfupi; yote mawili nimeyahesabu, na ndiyo yanayomzuia kupita nafasi ya tano. Lakini ukiuliza aliwapiga akina nani, walikuwa katika hali gani, na aliposhindwa ilikuwaje, Dick Tiger ana majibu ambayo ni wanne tu katika uzito wa kati wenye majibu bora zaidi. Mtakapobishana vijiweni kuhusu nani alikuwa nani, anzeni na maswali hayo matatu, na mtajeni kwa sauti kamili.